Nilimdanganya Saa ya Maji

Kosa ni langu, na wala simsingizii shetani. Shetani siku ile alikuwa na shughuli zake, mie nilijitosheleza.

Nakaa kaskazini ya Pemba, si mbali na msitu wa Ngezi. Sikusoma sana, lakini pwani naijua tangu mdogo, nilipokuwa nikifuatana na mama kuchokoa pweza. Miaka mitatu nyuma nikabuni matembezi ya wageni. Asubuhi tunapita msituni, tunateremkia ufukweni, na maji yakishakupwa tunavuka mkondo kwa miguu mpaka kwenye fungu la mchanga huko mbele. Pale wageni wanakula pweza wa nazi, wanapiga picha, tunarudi kabla mkondo haujajaa. Niliwahi kuona mzee wa kizungu kasimama pale anafuta machozi kwa uzuri wa pahala.

Kiingereza sikijui. Nikamwita shoga yangu wa Madungu, kule Chake, awe mkalimani. Nimwite Zuwena, japo si jina lake. Nikamlaza kwangu, nikamlisha kwangu. Mwaka wa pili naonyeshwa picha kwenye simu: njia yangu, fungu langu, mpaka sufuria yangu ya pweza, na chini yake jina lake peke yake! Nikamuuliza. Akanijibu mbele ya wageni, huku anacheka: "Dada, wageni wanataka mtu wa kuzungumza naye. Wewe utabaki jikoni."

Jikoni, mie! Niliacha kazi siku ile ile. Sikumtukana. Ile hasira niliifuga, nikailisha, ikanenepa.

Sasa huku kwetu liko jambo moja. Wanawake wa pwani tunagombana, tunanuniana, tunapigana mafumbo mwaka mzima. Lakini mtu akikuuliza maji yanarudi saa ngapi, unamjibu kweli, hata akiwa mke mwenzio. Hili hatukuandikiwa na mtu, tumelikuta kwa bibi zetu.

Zuwena ni mtoto wa mjini, maji hakuyajua. Kila siku alikuwa akiwauliza wanawake anaowakuta ufukweni. Asubuhi moja akanikuta mie peke yangu. Alikuwa na wageni sita, wengine watu wazima wenye vifimbo vya kutembelea. Akanisalimia kwa adabu, akaniuliza.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji yakirudi yanakimbia. Mkondo ungeanza kujaa saa tano. Nikamtazama usoni nikamwambia, "Mna mpaka saa saba."

Akanishukuru. Nikarudi nyumbani nikakaa barazani kusuka ukili, na naapa nilikuwa na raha. Sikutaka mtu afe. Nilitaka walowe mpaka shingoni, simu zao zizame, wageni wamfokee na asikanyage tena kwetu. Nilikuwa nikiwaza hayo nacheka peke yangu.

Mama akarudi kutoka shamba, kapitia ufukweni. Aliwaona kule kwenye fungu wakipigana picha, wameupa mgongo mkondo. Fungu hilo linadanganya, wewe unaona mchanga mkavu kumbe nyuma yako kumeshajaa. Mama akaja mbio akaniuliza nani aliyewajibu saa ya maji wale. Nikainamia ukili wangu. Hakuniuliza mara ya pili.

Wavuvi hawakuwapo, vyombo vyote vilikuwa nje. Mama akaingia mwenyewe. Anaujua mwamba ulio chini ya maji pale, akawapitisha juu yake wameshikana mikono, maji kifuani, na Zuwena wa mwisho. Wote wakatoka salama. Mama alikuwa nyuma yao, na hatua chache kabla ya nchi kavu akakanyaga taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani. Ukelele ule niliusikia nikiwa barazani.

Mama ana sukari. Kidonda kikakataa kupona, ikabidi afungwe dawa kila siku hospitali ya Chake. Na nani ana nyumba karibu na hospitali? Zuwena! Akaja na gari, akamchukua. Mama akakubali, na mie binti yake wa pekee nikabaki nimesimama mlangoni na kanga zake mkononi.

Sasa mwezi wa pili. Zuwena anamwogesha, anampeleka kufungwa dawa, anamwita mama. Mnategemea niseme nilishukuru? Niliungua! Kachukua njia, kachukua fungu, sasa na mama yangu. Na anajua fika kwamba nilimdanganya, lakini hajamwambia mtu. Hilo ndilo linalonikera kupita yote, maana hata sababu ya kumtukana kaninyima.

Juzi nilikwenda na samaki wa kupaka. Mama akapokea, akamweka kando. Akanambia daktari kaanza kuzungumzia kuukata mguu. Kisha akanitazama.

"Huyu ananiomba radhi kila siku, na kosa si lake," alisema, akimwonyesha Zuwena kwa kidevu. "Wewe umeniletea samaki."

Neno lilikuwa mdomoni, wallahi. Lakini Zuwena alikuwa kapiga magoti pale anamfunga mama bandeji, na mie sikuweza kujishusha mbele yake. Nikasema nawahi gari, nikaondoka.

Ndugu zangu mnaolea visasi, nakuambieni: mtu akikuudhi, mtukane. Mshitaki kwa sheha. Mnyime salamu hadi mwisho wa dunia ukitaka. Lakini msimtegee mtu bahari, kwa sababu hamjui nani ataingia kumtoa.

Kesho nakwenda tena Madungu. Nimejiapia kwamba nitamwomba mama radhi, Zuwena akiwepo asiwepo. Hata juzi nilikwenda nimejiapia.