Honorata Alipokwenda Italia Kulala

Watu wengine huenda Italia kutazama makanisa, wengine huenda kunywa divai. Honorata wa Lanham, huku ughaibuni, alikwenda kulala, na hata hilo hakulipanga. Nasema mapema ili mtu asije akangoja habari za sanamu na michoro. Mimi ni Chepkirui, nimefanya naye kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee kwa miaka mingi. Habari hizi nilizipata kwake na kwa mumewe Dunstan, kila mmoja kwa wakati wake, maana kuwapata wote wawili mahali pamoja ilikuwa kazi nyingine ya kuajiriwa.

Dunstan ni fundi wa viyoyozi. Hutoka nyumbani alfajiri kuwahi majengo ya Columbia Heights kabla barabara haijajaa. Honorata naye alikuwa anafanya zamu mbili mfululizo, anaingia mchana na kutoka asubuhi. Akirudi, mume ameshaondoka. Mume akirudi, yeye ameshaondoka. Ndoa yao ilikaa jikoni: mke aliacha chai kwenye chupa, mume akirudi akanywa, akapika, akapakua sehemu ya mkewe, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiacha juu ya jiko. Mengine walipashana kwa ujumbe wa sauti, kwamba gari lina mlio, kwamba mtoto wa rafiki yao Eliudi anabatizwa. Jumapili walikaa benchi moja kanisani, na Jumapili hiyo hiyo usiku Honorata, ambaye mwili wake ulishasahau kulala gizani, aliamka akakaanga maandazi.

Hivyo ndivyo walivyofika miaka ishirini na mitano ya ndoa, na Wakatoliki wa Tanzania hawaachi jambo kama hilo lipite kimya. Jumuiya yao iliunda kamati ya jubilei. Mwenyekiti alikuwa Kalisti, mtu anayependa kikao kuliko chakula. Alikodi ukumbi, akachagua kitenge cha sare, akapanga na padri Misa ambamo Dunstan na Honorata wangesimama mbele ya altare na kurudia ahadi zao. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa bibi harusi.

"Sitasimama," Honorata aliniambia tukiwa tunatandika kitanda cha mzee mmoja kazini.

"Wacha hizo, Mama Flavi. Si useme tu yes, tukule pilau, kila mtu aende kwake?"

Hakucheka. "Chepkirui, nitaahidi nini? Dunstan ni mtu mzuri, nasikia watu wakimsifu. Lakini simjui tena. Nikisimama mbele ya Mungu niseme nampenda, nitakuwa nampenda nani? Yule kijana wa Kibosho aliyenioa? Huyu anayefunika sahani sijawahi hata kukaa naye."

Hapo niliogopa. Nina mdomo, kila mtu anajua, kwa hiyo kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimeshampigia binti yao. Flaviana anafanya kazi ya maabara huko Gaithersburg. Kiswahili anakielewa chote hadi matusi, ila hujibu kwa Kiingereza. Alinisikiliza, akakata simu, akawanunulia wazazi wake safari ya siku chache katika mji mdogo wa Italia, kwenye vilima vya mizabibu.

"Mom, Dad, just go," aliwaambia. "Sit down. Do nothing."

"Kufanya nothing," Honorata akauliza, "ndiyo kufanya nini?"

Nikawapeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Mtu wa kwetu hajui kusafiri mkono mtupu, na hawa walikuwa na masanduku ya kwenda kumwoza binti. Honorata alibeba chupa ya chai, majani ya chai, tangawizi, unga wa sembe na sufuria. Nikamuuliza anampelekea nani, maana Italia hamjui mtu. Akasema huwezi kujua. Njia nzima kila mmoja alitazama dirisha lake, na kabla hajashuka Honorata akaninong'oneza kwamba akirudi atampa Kalisti jibu, na kwamba nisimtegemee sana.

Jina la mji wenyewe Honorata hulitamka tofauti kila akilisema, kwa hiyo sitaliandika. Una kanisa, kisima, hoteli ya vyumba vichache inayoendeshwa na mama mnene mpole, na mizabibu kila upande. Siku ya kwanza waliketi mezani wakitazamana. Dunstan akatafuta la kusema, akakuta ulimini lile analolijua.

"Umekula?"

"Si tunakula, Baba Flavi?"

Wakarudi kwenye sahani zao za mkate. Zikaja tambi, Dunstan akazimaliza zote kwa adabu, akashukuru, akasimama aondoke. Mama wa hoteli akamkalisha na kuleta nyama. Kumbe tambi zilikuwa salamu tu. Ikaja mboga, ikaja jibini, na kati ya kimoja na kingine palikuwa na muda wa kutosha mtu kuoa na kuachika. Honorata aliniambia hajawahi kuona chakula kirefu hivyo chenye maneno machache hivyo. Baadaye akapanda chumbani, maana mchana ndio usiku wake, akalala kwa saa chache za wasiwasi.

Dunstan akatoka peke yake kununua maziwa ya chai. Duka la kwanza limefungwa. La pili limefungwa. Duka la dawa, kinyozi, hata benki, vyote vimefungwa mchana kweupe, na barabarani hakuna hata paka. Mbele ya nyumba moja wazee watano wameketi kwenye viti, mikono magotini, kimya. Mchaga kama Dunstan akiona hivyo haulizi. Alirudi hotelini, akavaa koti lake jeusi la kanisani, akatoka tena kwenda msibani.

Aliwapa mkono mmoja mmoja. "Poleni sana," akasema, mkono wa kushoto kifuani. Wazee wakasimama, wakampa mkono, wakamletea kiti. Akakaa. Wakammiminia divai, akaipokea kwa mikono miwili na kumkumbuka marehemu moyoni. Aliona ni msiba wa watu waliotulia, hakuna spika wala mtu wa kutangaza michango. Alikaa nao kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa, mpaka mama wa hoteli alipopita na simu yake inayotafsiri.

Dunstan akaisogelea simu. "Naomba kuuliza, marehemu alikuwa nani kwenu?"

Simu ikasema kwa Kiitaliano. Wazee wakatazamana. Mmoja akawaangalia wenzake wote kwa zamu, kisha akajibu, na simu ikamletea Dunstan jibu lake: "Tuko wote. Tumekula, tunapumzika."

Ule mji hufungwa kila siku baada ya chakula cha mchana, watu wakalala. Basi.

Alipomsimulia Honorata, mke alicheka mpaka akashika mbao za kitanda. "Na ulilia?" akamuuliza.

"Karibu."

Honorata akaanza kucheka upya. Mimi niliposikia hivyo nikasema mambo yamekwisha, hawa wamepatana, nikashone kitenge. Lakini nilipomwambia hivyo kwa simu, Honorata alinituliza. "Nimecheka, ndiyo. Lakini hata na wewe huwa nacheka, na sikusudii kukuoa."

Siku ya mwisho mama wa hoteli aliwawekea meza nje, chini ya mzabibu. Chakula kikaanza mwendo wake ule ule. Walikuwa wameshamsema Kalisti, wamelisema paa la nyumba ya Lanham, na Honorata alikuwa anangoja nyama. Nyama ilipofika alikuwa amelala. Alilala palepale kitini, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, kama mtoto aliyechoka Misani.

Dunstan hakumgusa. Alichukua sahani yake tupu, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza na kuifunika juu ya nyama ya mkewe. Mama wa hoteli akaja kuondoa vyombo, akaona sahani juu ya sahani, akamtazama yule mwanamume aliyekunja mikono, akarudi ndani bila kugusa kitu. Meza nyingine zikasafishwa. Mji ukafungwa. Yeye akabaki ameketi pale.

Honorata alipoamka jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa meza. Alishtuka, akatafuta viatu, akadhani amechelewa kazini.

"Mbona hukuniamsha? Chakula si kimepoa?"

"Nilikuwa nakutazama," Dunstan akasema. "Sijakuona umelala tangu tulipoanza hizi kazi. Naondoka hujafika, narudi umeondoka. Jumapili unakaanga maandazi." Akamsogezea uma. "Unakoroma, Mama Flavi. Sikujua."

Honorata akafunua sahani yake, akaanza kula nyama baridi, kwa sababu hakujua auweke wapi uso wake. Ndipo Dunstan akasema jambo ambalo Honorata alinisimulia mara moja tu.

"Najua hutaki kusimama. Flavi hakuniambia, nimeona mwenyewe. Tukirudi nitamwambia Kalisti mimi ndiye niliyekataa. Waniseme mimi. Wewe kila wiki unakutana na wale akina mama wa jumuiya, usije ukaona aibu."

Honorata aliweka uma chini. Alikuwa amekwenda Italia akitafuta kama yule kijana wa Kibosho bado yupo, na alikuwa anajiandaa kumwambia mumewe kwamba hakumwona. Sasa alimwona huyu mwingine, mwenye mvi, aliyekaa juani mchana mzima akilinda nyama yake na aliyekuwa tayari kubeba aibu yake mbele ya kamati. Alimpenda. Aliniambia hivyo waziwazi, na aliona haya zaidi kuniambia kuliko kama angekuwa ameiba.

"Kalisti usimwambie kitu," akasema. "Mimi nachoka, Dunstan. Nataka kulala usiku, kama watu."

"Basi lala usiku."

"Na hela?"

"Tutakula tambi," Dunstan akasema, "tuishie hapo hapo kwenye tambi."

Walirudi na masanduku yale yale. Unga wa sembe ulibaki kwa mama wa hoteli, ambaye sijui anaufanyia nini mpaka leo. Wiki ile ile Honorata alikwenda kwa msimamizi wetu akaomba zamu ya mchana tu, akapewa. Mimi nikaletewa kijana mmoja Mkenya aitwaye Mark, anayetandika kitanda akitazama simu. Naomba ijulikane kwamba safari niliisababisha mimi, na aliyepoteza mwenzake wa usiku ni mimi. Nilinuna siku kadhaa. Halafu nikashona kitenge.

Kwenye Misa walisimama. Padri alipouliza, Honorata alijibu kwa sauti iliyofika hadi kwa wanakwaya, na Kalisti akalia kana kwamba kamati ndiyo imeolewa.

Juzi nilipita kwao jioni kabla ya kwenda kazini. Nyumba ilikuwa inanukia ndizi na nyama. Dunstan akapakua, sahani yangu akanipa mkononi, ya mkewe akaiweka mezani. Honorata alikuwa ananawa mikono pale pale kwenye sinki, hatua chache tu. Dunstan akachukua sahani nyingine, akafunika chakula cha mkewe.

"Baba Flavi," Honorata akasema akijifuta mikono, "mimi si niko hapa?"

"Najua," Dunstan akasema. "Kisipoe."