Chuma cha Mgongoni

Tangu nianguke kwenye mkarafuu na madaktari wa Dar es Salaam wanifunge uti wa mgongo kwa vyuma na skrubu, nimekuwa mwoga. Nasema wazi, maana wanaume wa kwetu Mtambile hujifanya hawaogopi kitu mpaka waione sindano. Mimi naogopa kuinama. Naogopa kupiga chafya. Daktari alisema mifupa inataka muda ishikane, na kabla haijashikana, kinachonishikilia ni chuma tu. Kikiachia kinaweza kugusa mshipa wa fahamu, na mguu wangu wa kushoto, ambao tayari ulikuwa na ganzi, usirudi tena.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, mke wangu hunifinya vidole vya mguu huo, kama alivyofundishwa wodini. "Wasikia?" huniuliza. Mimi nimefumba macho, namtajia ni kidole gani. Nikipatia, ananiacha niamke.

Msikitini nilipewa kiti mwisho wa safu. Husimama na wenzangu, wakiinama kurukuu mimi hukaa. Vijana wakaniita Bwana Nondo, nami nikawajibu kuwa nyumba zao zote hazina nondo ghali kama zangu. Nilishazoea. Nilichosahau ni alfajiri ya Ijumaa.

Alfajiri hiyo imamu wetu husoma sura yenye aya ya sijida ndani yake. Hapo hakuna rukuu ya kukutahadharisha. Yumo katikati ya kisomo, anaifikia aya, anatoa takbiri, na msikiti mzima unashuka kusujudu kwa pamoja. Nimeshuka hivyo tangu nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani, na siku hiyo mwili haukuniuliza. Paji la uso lilipogusa mkeka, kitu mgongoni kikalia ka! Maumivu yakashuka mpaka kisiginoni.

Wenzangu wakasimama, mimi nikabaki. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa kwamba hata pumzi ingekisogeza kile chuma. Kisomo kikaendelea juu yangu. Nilikuwa naona nyayo za jirani yangu wa safu, zimepasuka kwa kazi ya shamba, na nikazionea wivu. Nikamwomba Mungu aniachie mguu tu, mengine tutazungumza baadaye.

Walipotoa salamu wakanizunguka. Mmoja akanishika kwapani anikalishe.

"Msimkunje!" jirani yangu akafoka. "Lileteni jeneza. Ndilo lililonyooka."

Na kweli, msikitini kwetu hakuna machela nyingine. Wakanilaza humo kifudifudi, bila kunifunika, wakanibeba hadi kwenye pikapu ya muuza ndizi. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja wake alipoliona jeneza akauangusha ufagio, akaanza kuniombea kama maiti. Nikapunga mkono kumwonyesha ningali hai, naye akapiga ukelele uliowaamsha wote waliokuwa bado wamelala. Jirani yangu akacheka. Mimi meno yalikuwa yakigongana.

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha skrubu moja imekatika na mifupa haijashikana hata kidogo. Daktari wa hapa hakunificha. Alisema sina budi kurudi Dar wanifungue upya, na kwa kuwa sasa kovu limeuzunguka mshipa, mguu unaweza kupona na unaweza kufa moja kwa moja. Ganzi ikizidi kabla ya siku ya upasuaji, nisingoje. Nilimuuliza kama naweza kuliacha jambo lilivyo. Akasema naweza, lakini skrubu zilizobaki zitachoka nazo.

Asubuhi ya safari nilikuwa macho tangu mapema, nimelala chali, shuka imenifunika hadi kifuani. Mke wangu akaingia. Nikafumba macho kama kawaida. Nikahisi godoro likibonyea alipokaa miguuni kwangu, nikangoja kufinywa, nisihisi kitu.

"Kidole gumba," nikasema.



"Sijakugusa bado, mume wangu."