Jedwali la Umahiri na Kopo la Nyembe

Ofisini kwetu River Road, orofa ya tatu, juu ya mtu wa kuchapisha kadi za harusi na matangazo ya mazishi, palikuwa na jedwali kubwa ukutani. Upande wa kushoto yalipangwa majina ya wafanyakazi sita, na juu ziliandikwa kazi zote ambazo kampuni ilidai kuzijua: maziwa, samaki, mikate, usafi wa hospitali, mbolea, hata machimbo ya mawe. Anayeijua kazi alipigwa alama ya kijani. Mstari wa mkurugenzi ulikuwa kijani kitupu kutoka mwanzo hadi mwisho, utadhani shamba la sukuma wiki.

Siku moja nilimuuliza ni nani aliyempima. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba alijipima mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine ofisini mwenye umahiri wa kumpima.

Kazi yetu ilikuwa kuwapa watu vyeti. Mwenye kiwanda akitaka kuwaonyesha wateja kwamba anafanya mambo sawasawa, alituita, tukamkagua, na akipita tukampa cheti cha kutundika ukutani. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe hatukuwa na cheti cha kuonyesha kwamba tunajua kutoa vyeti. Hicho ndicho huitwa ithibati, na hutolewa na watu wengine, ambao nao wana watu wao wa kuwapima. Sijui kule juu kabisa yuko nani. Pengine yuko mmoja aliyejipima. Ninachojua ni kwamba maduka makubwa yalikuwa yameanza kuvikataa vyeti vyetu, na mkurugenzi alikuwa hapati usingizi.

Mimi nilikuwa mpanga faili. Nilikuwa nimesomea ukaguzi na kufaulu mtihani, na nilitaka kuwa mkaguzi kwa hamu iliyokuwa inaniaibisha. Lakini masharti ya ithibati yalisema mkaguzi lazima awe amefanya kazi anayokwenda kuikagua, kwa miaka, na awe na ushahidi. Huwezi kumkagua mwoka mikate kwa kuwa tu unapenda mkate.

Sasa, kabla ya kuingia ofisi hiyo nilikuwa nimefanya kazi miaka minne katika kiwanda kidogo cha mikate kule Kabiria, cha mama mmoja kutoka Magharibi. Nilibeba magunia, nikakanda unga, nikasimama mbele ya tanuri mpaka nywele za mikono zikaisha. Kwenye barua ya kuomba kazi mjini sikuandika hata neno moja la hayo. Nani anataka kujulikana River Road kama mbeba trei? Siku niliyopata ujasiri wa kumwambia mkurugenzi, alinitazama kwa huruma.

"Hiyo si experience, madam," aliniambia. "Hiyo ni shida ulipitia."

Akanishauri niteremke chini kwa mchapishaji nikachapiwe barua ya uzoefu, kama wenzangu walivyofanya. Aliyepigiwa alama ya samaki alikuwa na barua kutoka kiwanda cha samaki kando ya ziwa, ingawa samaki aliyemjua ni wa kukaanga. Wa maziwa alikuwa na barua kutoka kiwanda cha Bonde la Ufa. Kila barua ilimsifu mwenye barua kuwa mchapakazi asiye na doa. Nilishuka hadi mlangoni kwa mchapishaji, nikasimama pale, na nikakasirika. Wenzangu walitengenezewa miaka ambayo hawakuwa nayo. Mimi yangu nilikuwa nayo, nilikuwa nimeitolea jasho, halafu ninunue ya kughushi? Jumamosi iliyofuata nikaenda Kabiria.

Mama alikuwa mlangoni kwake, aproni ile ile. Alinikaribisha kwa chai na kwa maneno makali kuhusu watu wanaopata kazi za kukaa kwenye viti wakapotea. Nilimweleza shida yangu, kwamba nahitaji barua, nisipoipata nitapanga faili mpaka nizeeke. Kwa unyenyekevu nikapendekeza aandike kwamba nilikuwa msimamizi wa ubora.

"Supervisor wa nani?" aliuliza. "Wewe mtoto wa Ukambani, hapa ulikuwa unanisimamia mimi?"

Akachana karatasi kutoka daftari la mistari, akavaa miwani, akaandika polepole kwa kalamu ya buluu. Mchakato huo ulichukua vikombe viwili vya chai. Aliponipa nikasoma na moyo ukaniangukia miguuni. Aliandika kwamba nilianza kwa kubeba unga, kwamba mwaka wa pili alinipa tanuri, na kwamba najua donge likiwa tayari kwa kulibonyeza kwa kidole. Halafu akaandika habari ya wembe.

Huko kwake mikate ilichanjwa juu kwa wembe kabla ya kuingia tanurini. Nyembe zilikuwa kumi na mbili, zilikaa ndani ya kopo la majarini, na zilihesabiwa asubuhi na jioni, hesabu ikaandikwa daftarini na kutiwa sahihi. Hakuna aliyemfundisha mama jambo hilo. Aliliwaza mwenyewe, kwa kuwa mkate huliwa na watoto. Jioni moja kwenye zamu yangu zilikuwa kumi na moja. Tulipekua kila pembe. Mama hakupiga kelele, aliamuru tu mikate yote ya siku hiyo itupwe, nami nikaitupa kwa mikono yangu huku nikilia. Yote hayo aliyaandika, mpaka machozi. Mwisho akaongeza: "Kesho yake alifika kabla yangu, akahesabu."

Nilimwomba aiondoe sehemu hiyo. Alisema barua ni moja, niichukue ama niiache.

Mkurugenzi aliisoma akiishikilia kwa ncha za vidole. Akasema hawezi kumwonyesha mtathmini wa ithibati karatasi ya daftari, tena inayokiri kwamba mfanyakazi wake alipoteza wembe kwenye chakula. Lakini muda ulikuwa umetuishia, na safu ya mikate haikuwa na alama nyingine ila ya kwake. Akaitia nyuma kabisa ya faili.

Mtathmini alikuja Jumatatu. Alikuwa mwanamke mpole wa makamo, wa maneno machache, aliyekataa keki akakubali maji. Alilitazama jedwali la ukutani kwa muda mrefu, kisha akaomba barua za uzoefu. Alizisoma moja moja. Halafu akafanya jambo dogo ambalo sitalisahau: akazipanga mezani, moja chini ya nyingine, akizinyoosha kingo zake. Mashine ya mchapishaji wetu ilikuwa mbovu, ikiacha mchirizi mwembamba wa wino upande wa kushoto. Kutoka kiwanda cha samaki cha ziwani, kupitia kile cha maziwa cha Bonde la Ufa na hospitali ya Pwani, mpaka machimbo ya mawe, mchirizi ulishuka mmoja bila kukatika. Mkurugenzi alianza kueleza kwamba siku hizi viwanda vingi hutumia wino wa aina moja, kisha akanyamaza mwenyewe.

Ndipo alipoifikia karatasi ya daftari. Aliisoma mara mbili, akauliza mwenye barua ni nani, nikainua mkono.

"Ule wembe, mliupata?"

"Hatukuupata."

"Na kama ungeupata siku ya pili yake, hiyo mikate ungejuta kuitupa?"

Nikamjibu hapana, kwa sababu siku ile hatukujua uko wapi, na mkate usioujua huwezi kumpa mtu. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Majibu yalipokuja, kampuni ilipewa ithibati ya mikate peke yake. Mkurugenzi alinunua soda na keki, akahutubia, akasema huu ni mwanzo wa safari. Kesho yake jedwali liliteremshwa. Lililotundikwa mahali pake lilikuwa na safu moja, alama moja ya kijani, na mstari huo ulikuwa wangu. Sitadanganya, nilifurahi sana. Nilipita mbele yake mara nyingi kuliko nilivyohitaji kwenda msalani.

Ombi la kwanza la kiwanda cha mikate lilitua mezani kwangu baada ya wiki chache, na lilikuwa la mama. Duka moja kubwa la mtaa wa Satellite lilikuwa limekubali mikate yake, kwa sharti awe na cheti chenye ithibati kabla mwezi haujaisha. Mkurugenzi alisugua viganja. Alisema mambo yamekuwa rahisi, kwa vile namjua vizuri. Akanisogezea fomu ya kutia sahihi kabla ya ukaguzi, ile inayosema: sina uhusiano wowote na mteja huyu.

Nilimkumbusha kwamba barua ya mteja huyu ndiyo iliyoniweka ukutani. Akasema ni karatasi tu, nisaini. Nikaishika kalamu. Nikawaza mchirizi ule wa wino ukishuka mezani, nikaona sahihi yangu chini yake. Nikairudisha kalamu mezani. Na kwa kuwa mkaguzi wa mikate kampuni nzima nilikuwa mimi peke yangu, maana yake ilikuwa mama hatakaguliwa na sisi.

Nilikwenda Kabiria kumwambia ana kwa ana, maana simu ingekuwa uoga. Nilimweleza kwamba siruhusiwi kumkagua, itabidi atafute kampuni nyingine, na pengine mwezi utaisha kabla hawajafika. Alisikiliza huku akifuta meza, mkono ukienda na kurudi mahali pale pale.

"Kwa nini wewe hapana?"

"Kwa sababu ni wewe ulinifunza, Mama."

Mkono ukasimama.

"Kwa hivyo kama ningekuwa nimekufukuza ile siku ya wembe," alisema, "saa hii ningekuwa na mtu wa kunipima."

Niliona aibu, ingawa nilijua nimefanya lililo sawa, na kujua huko hakukunisaidia kitu. Mama hakunifokea. Aliangalia saa ya ukutani, akaona ni wakati wa jioni wa kuhesabu, akanisukumia kopo la majarini kama zamani. Nikazimwaga nyembe juu ya bati, nikazihesabu mara mbili. Zilikuwa kumi na mbili. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku hiyo, akanipa kalamu ya buluu ili nitie sahihi.

Nilimrudishia. Akatia sahihi mwenyewe.