Akili Bandia, Dawa ya Kweli

Kwenye benchi la kliniki ya Gede, tulikuwa bibi mmoja wa kijiji cha Ganda, mjukuu wake mwenye misuli dhaifu, mimi na mwanangu; daktari alisimama mbele yetu.

Daktari alisema dawa ya mjukuu huyo haijapatikana, ila sasa akili bandia inatafuta kidonge cha kurekebisha RNA, yaani maagizo ambayo mwili huyafuata kujijenga.

Bibi akamvuta mtoto kifuani. “Mwanangu, dawa bandia twazikimbia madukani, nawe watuletea na akili bandia?”

Daktari alicheka, kisha akachutama mbele yake. “Bibi, ni kompyuta. Yenyewe huchagua dawa za kujaribiwa, watu huzipima, ndipo mgonjwa apewe.”

“Basi mmeipa jina baya.”

Nilipenda alivyochutama, madaktari wengi hutujibu huku wakiondoka.

Dawa bado haijapatikana. Kila siku ya kliniki bibi humwuliza, “Daktari, yule bandia wetu ameamkaje?”