Mlango wa Verna

Asubuhi ile Garland aliamka kwanza, kama kawaida, akawasha jiko la kuni, akateleka birika. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, hata mwisho wa gati huuoni. Saa kumi na moja Selina akatoka chumbani na soksi mbili mbili miguuni, akaketi pale pake dirishani, akaanza kujifunga bandeji kwenye vifundo vya mikono. Ilikuwa Mei, msimu wa kaa kiwandani, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kuvimba.

"Umelala?" Garland akauliza.

"Nimelala. Wewe umekoroma."

"Sijakoroma."

"Basi kulikuwa na boti chumbani."

Akamkatia mkate, akaupaka asali nyeusi ya miwa. Akammiminia chai na maziwa ya kopo. Selina akaanza habari zake, maana asubuhi ndiyo ilikuwa saa yake ya habari.

"Binti wa meneja amepata mchumba."

"Nani?"

"Kijana wa Hubert."

"Yule mwenye pikapu isiyo na mlango?"

"Huyo huyo. Mama mtu hajalala wiki nzima. Ati binti kasomeshwa chuo kikuu mjini St. John's, halafu anarudi hapa kupanda gari la mtu anayenuka chambo."

"Chambo kinatoka ukioga."

"Kwako hakijatoka miaka arobaini na mmoja."

"Na hukukimbia."

"Ningekimbilia wapi? Pikapu ulikuwa nayo wewe."

Garland akacheka puani. Redio ikaanza kusoma upepo, naye akaielekezea sikio. Aliacha kuvua miaka sita nyuma, lakini upepo alikuwa bado anausikiliza. Selina akavaa buti. Alipofika mlangoni akageuka, akasema jambo moja zaidi. Alisema jioni akitoka kazini atapita kwa Verna. Alilisema kwa maneno yake, na Garland aliyasikia yote, ila jicho lake lilikuwa kwenye redio.

"Haya," akasema.

Mlango ukafungwa.

Saa tatu na dakika kumi Selina alianguka kiwandani, kwenye mkanda unaopitisha kaa. Moyo. Alfreda, dada yake Garland, ndiye aliyeleta habari, mbio, aproni yake ya mpira ikiwa bado inachuruzika maji. Hakuzunguka.

"Kaka, Selina amekufa."

Garland akasimama, akaondoa birika motoni. Hakujua kwa nini. Baadaye watu walipomuuliza ilikuwaje, aliikumbuka birika tu.

Sasa, habari ya Verna ni hii.

Selina na Verna walisimama bega kwa bega kwenye mkanda ule miaka kumi na tisa. Katika kazi ile huangalii sura ya mwenzako, unaangalia kaa. Kwa hiyo walijuana kwa masikio. Waliongea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka king'ora: waume, nyonga, mapadri, bei ya nyanya, nani kamwacha nani. Jioni Verna alikuja tena jikoni kwa Selina, kana kwamba mchana ulikuwa umewapunja. Alikuwa na kikombe chake pale, kikubwa, kilichobanduka mdomoni.

Aliingia tu. Huku kwetu mlango haugongwi. Anayegonga ni padri, au polisi, au mtu aliyepotea njia. Mtu wa nyumbani anashika kitasa, anaingia, anavua buti, anajimiminia chai. Ukimgongea jirani mlango umemwambia kwamba yeye kwako ni mgeni, na wewe kwake hali kadhalika.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, Verna alipewa kofia nyeupe. Wafanyakazi wanavaa ya bluu, wasimamizi nyeupe. Chumba cha chakula kina meza za kofia za bluu na meza moja ya kofia nyeupe, karibu na dirisha. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, wala hakuna aliyeivunja. Verna alihamia dirishani. Na kwa kuwa mume wake alikuwa akifanya kazi magharibi ya nchi, kwenye visima vya mafuta, walimaliza ile nyumba mpya juu ya kilima, hatua chache kutoka kwa meneja. Nyumba ina kengele mlangoni.

"Ya nini?" Garland aliuliza.

"Ya kulia," Selina alisema.

Walitania hivyo, na Verna aliendelea kuja jioni. Kisha meneja akamtaka ampe majina ya watu wanaochelewesha mkanda kwa mazungumzo. Verna alikuwa na kofia ile wiki ya sita. Aliandika majina matatu, la Selina la kwanza. Karatasi ilibandikwa ukutani: onyo, kuongea kazini.

Selina alirudi siku ile, akavua buti, akakaa.

"Zamani nilimsikia kwa sikio hili la kushoto," alisema. "Siku hizi namsikia kwa mgongo."

Jumapili iliyofuata walikuwa jikoni, Selina akimenya viazi, nyama ya chumvi ikichemka na kabichi. Hatua zikasikika barazani. Garland alizijua. Alisubiri kitasa kizunguke.

Akasikia mlango unagongwa. Mara tatu, polepole.

Kisu cha Selina kilisimama. Mlango ukagongwa tena. Garland akainuka, na Selina akamshika mkono.

"Kaa."

Akakaa. Hatua zikashuka barazani, zikaenda zao. Selina akamaliza kumenya viazi.

Tangu siku ile waliongea mambo ya kazi tu. Ongeza barafu. Punguza mwendo. Lakini kila jioni Selina alitenga vikombe vitatu mezani. Garland hakuuliza. Wakati wa kulala yeye ndiye aliyekirudisha cha tatu kabatini, kikavu. Alifanya hivyo miezi saba.

Siku ya mazishi watu waliingia na kutoka, kila mmoja na sahani. Walimwambia Garland ale, akala. Walimwambia akae, akakaa. Mtu alimshika bega na kulia. Garland akaliangalia dirisha, akaona kwamba linahitaji rangi. Verna alikuwa kanisani, benchi la nyuma pamoja na watu wa ofisi. Nyumbani hakufika. Alituma paja la nguruwe la kuokwa, Alfreda akalileta.

Siku ya nane Alfreda aliingia na mfuko.

"Vitu vyake vya kazini. Buti, aproni, kopo la chai."

"Weka hapo."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chakula."

"Kaka, sahani hiyo niliiosha mimi jana. Iko pale pale nilipoiacha."

Alfreda akakata mkate, akamwekea mbele, akasimama kumlinda mpaka akatafuna.

"Verna ndiye aliyevipanga hivi," akasema. "Hata aproni kaifua. Unajua alivua koti lake jeupe, akamwekea chini ya kichwa pale sakafuni? Akapiga magoti kwenye maji ya kaa. Meneja anamwambia inuka, hasikii."

"Mm."

"Anataka kuja."

"Miguu anayo."

"Anaogopa mlango wako. Aliugonga mara moja, hamkufungua. Sasa anasema Selina amekufa na kinyongo naye. Kila siku ananiuliza mimi. Nimjibu nini? Mimi nilikuwa mwisho wa mkanda." Akaketi. "Siku ile asubuhi hakusema kitu?"

"Nani?"

"Selina, jamani."

"Alisema nimekoroma."

Alfreda alimtazama, kisha akaosha sahani ambayo haikuwa chafu, akaenda.

Jibu Garland alikuwa nalo. Lilikuwa kichwani mwake zima, neno kwa neno, kama alivyolisikia. Angeweza kumpa Alfreda alipeleke kilimani kama sahani ya chakula. Hakumpa. Abaki na swali lake Verna, aliwaza. Haikuwa hasira, hasira ina joto. Ilikuwa kama vidole vinavyovuta nyavu kwenye barafu ya Februari: unaona kamba imekukata, unaona damu, na mkono ni kama wa mtu mwingine.

Siku zikapita. Akapasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Akasikiliza upepo. Watu walipomsalimu gatini, "Unaendeleaje, nahodha?", alisema, "Naendelea," wakaridhika.

Jumamosi jioni alikuta mkono wake umetenga vikombe vitatu.

Akavitazama. Akaondoa cha Selina. Vikabaki viwili, chake na kile kilichobanduka mdomo. Akakaa mbele ya kile cha Verna mpaka chai ikapoa. Alijaribu kukirudisha kabatini, kama alivyofanya miezi yote ile. Hakuweza. Selina hakukitenga kwa miezi saba ili mumewe amfungie mtu nje.

Jumapili baada ya kanisa akavaa koti, akapanda kilima na buti zake za mpira.

Nyumba ya Verna ilikuwa na ngazi nne na reli nyeupe. Kengele ilikuwa kitufe kidogo chenye taa ndani. Sauti za wanawake zilisikika, na vijiko. Garland akasimama mbele ya kitufe kile. Hakuwahi kuingia nyumba hii. Wala nyumba ya meneja, ya jirani hapo. Alikuwa mzee aliyeacha shule akiwa na miaka tisa, na koti lake lilinuka moshi.

Akashika kitasa, akaingia.

Verna alikuwa mezani na Lorraine, mke wa meneja, mbele yao vikombe vyembamba na keki. Lorraine akaweka mkono kifuani.

"Mungu wangu! Bwana Rideout! Kengele imeharibika?"

Verna alimtazama Garland, akatazama buti zake, akatazama mlango nyuma yake.

"Haijaharibika," akasema.

Garland akavua buti, akaziweka ukutani, akavuta kiti. Verna akainuka, akamletea chai. Ikamwagika kidogo kwenye kisosi. Hakuipangusa.

"Pole sana, Bwana Rideout," Lorraine akasema. "Selina alikuwa mfanyakazi mzuri mno."

"Alikuwa anaongea kazini," Garland akasema. "Iko ukutani pale kiwandani."

Kijiko cha Lorraine kikasimama. Verna akainamisha kichwa.

"Niliandika mimi," akasema.

Lorraine akatafuta mkoba wake, akasema watoto wanamsubiri, akatoka. Wakasikia viatu vyake vikishuka ngazi nne.

"Binti yake bado yuko na kijana wa Hubert?" Garland akauliza.

"Bado. Jana walikuja wote wawili. Kijana kaoga, lakini harufu ipo."

"Selina angefurahi kuisikia."

"Nilianza kumsimulia," Verna akasema. "Niko jikoni, nikakuta nimeanza kumsimulia." Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Siku ile nilikuona, Garland. Dirishani. Uliinuka, halafu ukakaa."

"Alinishika mkono."

"Basi alinikataa."

"Alikuwa anakusubiri uingie."

"Ningeingiaje? Nimeandika jina la mtu, nimelibandika ukutani, halafu niende kuvua buti kwake kama zamani? Niliona aibu. Nikasema nigonge, ili kama hanitaki awe na nafasi ya kukataa."

Garland akaliwaza hilo. Miezi saba hawakuwahi kuliwaza, si yeye wala Selina. Nje gari lilipita, likateremka kuelekea gatini.

"Kikombe chako kipo," akasema. "Alikitenga kila siku."

Verna akaziba uso kwa kitambaa cha meza. Garland akangoja. Hakuwa na la kumliwaza mtu, hakuwahi kuwa nalo. Kazi hiyo nyumbani ilifanywa na mwingine. Akanywa chai. Ilikuwa nyepesi.

"Pale kwenye mkanda nilipita nyuma yake saa tatu," Verna akasema. "Aligeuza kichwa kama anayetaka kusema neno. Nikampita, maana meneja alikuwa anatazama. Dakika kumi baadaye..." Akaacha. "Niambie ukweli tu. Amekufa na kinyongo nami?"

Garland akaweka kikombe chini, mikono juu ya magoti. Hakutaka kuongeza neno lake, asije akayaharibu maneno ya Selina. Akayatoa kama yalivyosemwa, Selina akiwa mlangoni na buti miguuni, redio ikisoma upepo:

"Leo nikitoka naingia kwa Verna. Sigongi mlango, na hiyo kengele yake siigusi. Akitaka kunifukuza, anifukuze nikiwa ndani."