Salamu za Kupeleka Ras Kisimani

Nina tabia ambayo mama yangu anaiita ugonjwa. Nikianza kitu kikaharibika kidogo, nakiacha chote. Cherehani yangu iko chini ya kitanda tangu siku nilipokata kola vibaya. Masomo ya uhasibu niliyokuwa nikijisomea kwenye simu niliyaacha kwa sababu ya zoezi moja lililonishinda. Kwa hiyo niliponunua baiskeli, nyumbani walianza kuhesabu siku. Walikuwa wanasubiri tu niiache.

Ilikuwa ya mtumba, imeletwa kisiwani kwetu na boti kutoka Nyamisati, ng'ambo ya bara. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo, na tairi zake ni pana kuliko za baiskeli za mbio, zina vijino vya kushika changarawe. Aliyeniuzia hakujua ni ya kazi gani. Mimi nilijua, maana nilikuwa nimetazama video nyingi mno za watu wanaopita na baiskeli za namna hiyo kwenye misitu na vijiji vya kale vya nchi za mbali. Nikawaza: misitu hata sisi tunayo, na mji wa kale tunao. Nilijifunza peke yangu kuziba pancha na kurekebisha breki. Kuendesha kwenyewe nilijifunza mwisho, mtu mzima mwenye aibu, nyuma ya nyumba, ambako hakuna anayepita.

Mji niliotaka kuufikia ni ule wa Ras Kisimani. Bahari imeumeza karibu wote. Nilikuwa nimesikia kwamba kilichobaki ni vigae vya vyungu mchangani na msingi wa ukuta, na kwamba huo msingi huonekana siku za bamvua tu, maji yakipwa sana, kwa muda mfupi asubuhi. Niliutaka huo ukuta. Nilichora njia yote kwenye simu, nikapiga hesabu ya maji mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kuna jambo moja sikumwambia mtu: nikichelewa nikakuta maji yamejaa, baiskeli itakwenda kukaa na cherehani. Najijua.

Mama aliniruhusu kwa sharti moja, niende na shangazi.

Shangazi amelima mwani miaka mingi. Magoti yake humsumbua akiinuka, lakini akishapanda baiskeli hana umri. Yake ni ile nyeusi, nzito, ya kubebea nazi. Haina gia, na breki yake ni kandambili. Nilipotoka nje baada ya swala ya alfajiri, nimevaa kofia ngumu juu ya hijabu, aliniuliza kama tunakwenda Kisimani au vitani.

Mwanzo ulikuwa mzuri hata nikaogopa. Tuliacha lami, tukaingia barabara ya kifusi kati ya minazi, kisha njia nyembamba iliyoingia msituni. Umande ulikuwa haujakauka. Changarawe ilisagika chini ya tairi kama mtu anatafuna karanga, na tumbili walituangalia kutoka juu bila haraka. Penye mchanga mwingi nilipunguza upepo wa tairi, kama nilivyofundishwa na video. Shangazi alishuka tu, akasukuma, akapanda tena mbele yangu.

Shida ilikuwa salamu. Kwetu mtu mzima hasalimiwi kwa kupigiwa kengele. Unashuka, unatoa shikamoo yako, unangoja marahaba, unaulizwa wa nyumbani, nawe unauliza wa kwao. Shangazi alishuka kwa kila mtu: mzee anayefua nazi, wanawake waliobeba kuni, mwalimu kutoka bara aliyekuwa bado anapiga mswaki. Na kila aliyesikia tunaelekea Kisimani alikuwa na ujumbe kwa mtu wa mbele. Fulani aambiwe jembe lake limeonekana. Fulani aambiwe harusi imesogezwa mbele. Shangazi alipokea yote na kuyarudia kwa sauti ili asikosee. Mimi nilitazama simu, nikaona njia iliyobaki haipungui. Nilipomwambia maji hayatungoji, hakugeuza hata kichwa.

"Wewe mtoto, unaendesha baiskeli au unafanya mtihani?"

Kwenye nyumba moja pembezoni mwa msitu, shangazi alikwenda uani kuomba maji ya kunywa. Mwanamke kijana aliyekuwa akisuka makuti kibarazani akaniita mimi. Bibi yake alikuwa akiishi kijiji cha mwisho kabla ya rasi, naye alitaka nimpelekee habari. Mtoto wake, kitukuu wa huyo bibi, alikuwa amechelewa sana kutembea, hadi majirani wameanza kunong'ona. Asubuhi hiyo alikuwa ameinuka na kupiga hatua. Hakumaliza kunieleza, mtoto akafanya tena mbele yangu: akaondoka kwenye mkeka, akayumba, akafika kwenye rundo la makuti na kuliangukia kwa tumbo, akacheka.

Nilimuuliza kwa nini asimpigie bibi simu.

"Simu anayo," alisema. "Ila kwenye simu kila kitu anaitikia alhamdulillahi, hata ukimwambia mtu kafa. Mwambie wewe. Wewe umeona."

Tulipofika njia panda ya mwisho, mkono mmoja ulikwenda kijijini kwa bibi na mwingine ukashuka baharini. Kwa hesabu yangu maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Nikinyoosha moja kwa moja nitauwahi ukuta. Nikipitia kwa bibi, sitauwahi. Nilimwomba shangazi aende yeye, mimi nitangulie ufukweni.

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba mtoto anatembea."

"Ataniuliza alitanguliza mguu gani. Mimi nilikuwa uani."

Ulikuwa mguu wa kushoto. Niliujua bila kufikiri, na nikakasirika kwa kuujua. Nilisimama pale, mguu mmoja chini, nikitazama mwanya wa buluu kati ya minazi. Kisha nikageuza usukani kuelekea kijijini.

Bibi alikuwa ameketi anachambua mchele. Nilipiga magoti, nikatoa shikamoo, nikampa habari. Hakusema alhamdulillahi. Aliweka ungo chini, akanitaka nianze upya, polepole. Alishika nini kabla ya kuinuka? Alitazama wapi? Alipoanguka, alilia? Nilimjibu kila kitu. Alishika bega la mama yake kwa mkono wa kulia. Aliwatazama kuku. Alipoanguka alicheka, na jani la kuti lilimbaki kidevuni. Tabia yangu nyingine, ya kuona kila kitu hadi inanikosesha usingizi, kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyeitaka yote na akaomba zaidi. Mwishowe alinitaka nisimame nimwonyeshe. Nikatembea uani kwa bibi kama mtoto, na kofia yangu ngumu kichwani, nikayumba, shangazi akashindwa kuzuia kicheko. Bibi hakucheka. Alitazama miguu yangu hadi nilipofika ukutani, akafunika uso kwa kanga.

Hakutuacha tuondoke bila chai na mihogo. Sikutazama simu. Sikuthubutu.

Tulipofika rasini, bahari ilikuwa imejaa hadi karibu na mikoko. Hakukuwa na ukuta wa kuonekana. Maji yalikuwa mazuri, ya kijani, yametulia, na nilihisi ile hali ninayoijua ikianza kupanda kifuani: umeharibu, acha. Nililaza baiskeli mchangani. Mbele kidogo, mahali pamoja tu, kijiwimbi kilikuwa kikivunjika kila kilipofika, wakati pembeni yake maji yalipita kimya.

Nilimpa shangazi simu, nikavua viatu, nikaingia na nguo zangu. Maji yalifika magotini, yakafika mapajani. Niliburuta mguu kwenye mchanga, hatua kwa hatua, hadi kidole kikagonga jiwe. Nikaufuata ukingo wake kwa unyayo. Uliendelea. Haukuzunguka kama mwamba. Ulikwenda mbele, na mbele tena, chini ya maji ambayo sikuweza kuona ndani yake.

"Kuna nini huko?" shangazi aliniita.

"Ukuta."

"Una hakika?"

"Sina," nilisema. "Lakini umenyooka."