Kabati Mbele ya Dirisha

Shivachi alikuwa seremala wa madirisha. Mwaka wa 1974 alitembea kila asubuhi kutoka Mashimoni, mtaa wetu wa mabanda, hadi Kilimani kwa matajiri kutengeneza madirisha ya watu wengine, na jioni akarudi kulala katika chumba cha udongo kisicho na hata tundu. Mkewe, Sella, alipikia humo humo kwa jiko la makaa. Pengo kati ya ukuta na mabati walikuwa wameliziba kwa maboksi, kama tulivyofanya sote, kuzuia baridi.

Sella akaanza kukohoa. Muuguzi hakumficha: "Dawa nitakupa. Lakini ukiendelea kulala kwenye moshi, tutaonana tena."

Shivachi akaenda kwa mwenye nyumba, Sitelbanat, mama wa Kinubi, kuomba ruhusa ya kutoboa ukuta.

"Toboa," akamwambia. "Ila siku ukihama usije ukabeba dirisha kichwani."

Kazi ilimchukua Jumapili mbili. Aliweka dirisha la mbao kwenye ukuta wa nyuma, akang'oa maboksi, akapaka chokaa, akatoa jiko nje chini ya upenu. Ndani vilibaki kitanda, meza na stuli nne. Baada ya miezi miwili kikohozi kiliisha.

Kisha zamu yao ikafika. Chama chetu, sisi tuliotoka magharibi ya nchi, kilikutana kila wiki nyumbani kwa mwanachama mmoja. Tulisema tunakwenda kusaidiana. Ukweli ni kwamba tulikwenda kukagua viti. Mwenyekiti wetu, Wakoli, alisimama mlangoni akatazama chumba.

"Fundi, unahama ama ndio unahamia?"

Watu wakacheka.

"Ama tumeitwa kukalia upepo?"

Mimi ni mwalimu, na nilijua dirisha lile lilitobolewa kwa nini. Nilicheka pamoja nao.

Zamu iliyofuata ilipokaribia, Shivachi aliunda viti vya mito na kabati la mvule lenye vioo, refu hadi kwenye mabati. Aliliundia ndani, kwa kuwa lisingepita mlangoni. Ukuta mmoja tu ulilitosha, ule wenye dirisha.

"Baba Musimbi," Sella akauliza, "mimi nitapumulia wapi?"

"Ni kwa ajili ya wageni tu. Nitalisogeza baadaye."

Hapakuwa na pa kulisogeza. Siku ya zamu Wakoli alipapasa vioo akasema sasa hii ni nyumba ya mtu. Mvua zikaanza, jiko likarudi ndani, na kikohozi kikarudi pamoja nalo. Mwezi wa kumi na mbili Sella alimchukua binti yao, Musimbi, akaenda kwa mama yake, kijijini Shinyalu. Alituma neno kwamba huko hakohoi, na kwamba atarudi siku dirisha litakapofunguliwa.

Nilikwenda kumwona Shivachi. Nikamwambia, "Msumeno unao. Likate."

Alikuwa akifuta vioo kwa kitambaa. "Mwalimu, mwezi wa nne ni zamu yangu tena."

Mwezi wa nne tulikwenda, watu ishirini na wawili. Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo Shivachi alitupikia chai ndani. Tulikunywa kwa vikombe vya kabati lile, tukilisifu huku tukikohoa. Hakuna aliyeuliza Sella yuko wapi.